Muulize Mkalimani: Mtoto asibebeshwe maneno ya wakubwa

Mwezi huu barua ni nyingi, na sababu naijua: vikao vya wazazi na walimu vimekaribia. Shule nyingi za huku Marekani huviita mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kisha tena baridi ikielekea ukingoni, na vikikaribia simu yangu hailali.

Kwa msomaji mgeni: nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, mkoani Kigoma, kabla sijahamia Louisville, Kentucky. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya ukalimani kati ya shule na familia zetu zinazozungumza Kiswahili. Wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko huko Kasulu. Wapo Warundi, wapo Wakenya, na sisi Watanzania tupo. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

*

*Dada Mkalimani, salamu sana. Nina watoto wanne. Mkubwa ana miaka 12 na ndiye anayejua Kiingereza kutushinda wote. Mwaka jana nilikwenda naye kikaoni akanitafsiria. Mwalimu aliongea muda mrefu, uso wake haukuwa na furaha, lakini mtoto akaniambia, "Anasema niko vizuri, niendelee hivyo hivyo." Nikamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Shule zilipofungwa ripoti ikaja, jirani akanisomea: hesabu F, sayansi F, kazi za nyumbani haleti. Nililia, dada. Nimchape? Na kikao kingine ni mwezi huu, nitaendaje? — Mama wa watoto wanne, Grand Rapids, Michigan*

Mama, pole sana. Nianze na hilo la fimbo: usimchape. Kijana wako aliwekwa katikati ya mwalimu wake na mama yake, akatakiwa ajishtaki kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa lugha mbili. Nimefundisha watoto wa umri huo miaka mingi na sijaona wa kuliweza hilo. Kosa ni la wakubwa waliomkalisha pale, na wa kwanza kulaumiwa ni shule, si wewe.

Nikusimulie kitu. Mwaka wangu wa pili kazini theluji ilinichelewesha kikao. Nilipofika wameshaanza. Msichana wa darasa la tano amesimama kati ya viti viwili, ameshika ncha ya kitenge cha mama yake, anaizungusha kidoleni huku anatafsiri habari za mdogo wake. Mwalimu akaniambia asante, tumemaliza. Lakini nilimwona yule mama midomo inamtetemeka. Nikaomba tuanze upya. Kumbe mwalimu alikuwa amesema mtoto angefaidika kukutana na mshauri wa shule mara moja kwa wiki, kwa sababu bado ni mkimya na hajapata marafiki. Yule binti neno "mshauri" hakulijua. Akasema "daktari". Mama akabaki anaamini mwanawe kaonekana na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe shule inauficha. Tangu siku hiyo, nikisikia "mtoto atatafsiri tu, ni dakika chache," huwa nasimama na kukataa.

Sasa shika haya. Shule yoyote ya umma inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: haina ruhusa kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wamekalishwa madarasani bila kusaidiwa Kiingereza, ikasema hiyo si haki. Kutokana na sheria hiyo ndipo ulipojengwa wajibu wa shule kuongea na mzazi kwa lugha anayoielewa. Miongozo ya Washington inabadilika serikali zikibadilika, lakini sheria yenyewe ipo. Mkalimani halipiwi na mzazi. Usije ukaombwa hata senti.

Jinsi ya kufanya ni hivi. Wiki moja kabla, piga simu ofisi ya shule au nenda mwenyewe. Taja jina la mtoto, darasa lake, kisha sema neno moja wanalolijua: "Swahili." Wakikuletea mtu wa simu, kubali, ni mkalimani halali, omba tu simu iwekwe sauti ya juu mezani ili mwalimu naye asikie. Kama Kibembe au Kifuliiru ndicho kinachokuingia vizuri zaidi, kitaje. Nimekuta wamama wakitikisa kichwa kwa Kiswahili changu cha Kigoma, kumbe nusu hawajaipata na wanaona aibu kusema. Msione aibu. Mimi nikiambiwa "rudia" narudia.

Halafu omba muda. Kikao cha kawaida ni dakika 15 au 20. Kila neno likisemwa mara mbili, dakika 15 zinabaki saba. Waambie unataka nusu saa kwa sababu kuna mkalimani. Shule nyingi zikiombwa mapema hutoa. Zisipoombwa hakuna anayekumbuka.

Ndani ya kikao mtazame mwalimu, usinitazame mimi. Sema sentensi mbili, pumzika, nitasema. Na maswali yako yasiwe mengi. Mimi huwapa wazazi matatu: Mwanangu yuko wapi ukimlinganisha na kinachotakiwa darasa lake? Kinachomkwamisha hasa ni nini? Nifanye nini nyumbani wiki hii? Hilo la tatu usilisahau hata kidogo, maana ndilo linalomlazimisha mwalimu kushuka kwenye mambo ya kushikika.

Lakini kuna la kunisikiliza zaidi, mama. Wazazi wengi huingia kikaoni kama washtakiwa, wasikilize hukumu waondoke. Wewe una habari ambazo mwalimu hana. Niliwahi kukaa na mama mmoja, mwalimu analalamika binti analala mezani kila asubuhi, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Mama akajibu taratibu: "Mimi naingia zamu ya usiku kiwandani. Yeye ndiye anayemlaza mdogo wake, na mdogo hana usingizi." Mwalimu akaweka kalamu chini. Alikuwa amekaa na mtoto yule miezi miwili na hakulijua hilo. Wakakubaliana kazi za nyumbani zifanyiwe shuleni asubuhi, wakati wengine wanakunywa chai. Haikuhitaji Kiingereza cha mama. Ilihitaji maneno yake yafike.

Kijana wako akitakiwa kuwepo, aende, akae kando yako kama mwanafunzi. Na leo jioni mwite umwambie wazi: "Sitakutumia tena kunisemea shuleni." Halafu ndipo mzungumze habari za hesabu.

*

*Ndugu Mkalimani, binti yetu ana miaka 11. Nyarugusu alisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, alikuwa wa tatu darasani. Huku wamemwingiza ESL. Rafiki yangu kazini anasema nikatae, ati ni darasa la wajinga, hatatoka. Mwalimu mmoja naye katuambia tuache Kiswahili nyumbani, tuongee Kiingereza ili mtoto apande haraka. Mke wangu amekataa kabisa. Mimi niko katikati. — Baba, Dayton, Ohio*

Mkeo yuko sahihi, na ningependa umsomee sentensi hii.

ESL si darasa la wajinga. Ni msaada wa Kiingereza kwa mtoto ambaye akili yake inajua mambo kwa lugha nyingine. Mlipomwandikisha mlijaza fomu inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani. Mlipoandika Kiswahili, shule ikatakiwa kumpima, na ilipoona Kiingereza bado, ikatakiwa kumsaidia. (Wapo wanaoandika "Kiingereza" kwenye fomu hiyo wakidhani wanamwinua mtoto. Wanamkatia msaada aliostahili. Msifanye hivyo.) Mwanzoni mwa mwaka wa masomo shule ina siku 30 za kuwapelekea barua inayosema kwa nini kawekwa huko, kiwango chake ni kipi, na atatokaje. Kila mwaka atapimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Kwetu Kentucky mtihani huo ni wa WIDA, umoja wa majimbo unaotunga mitihani hiyo, na ngazi ni 1 hadi 6. Kwenu Ohio una jina lingine, lakini shabaha ni ileile. Akifikia kiwango cha jimbo anatoka.

Haki ya kukataa mnayo. Mkikataa ataendelea kupimwa kila mwaka, ila msaada wenyewe hataupata, na sioni mlichopata hapo. Ningekuwa ninyi nisingekataa. Ningeuliza wanamtoa darasani saa ngapi. Akitolewa wakati wa hesabu kila siku, hilo ndilo la kupigania, wambadilishie.

Sasa huyo wa "acheni Kiswahili". Najua anayesema hivyo hana nia mbaya, lakini anawapotosha, na linaniuma kila ninapolisikia. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha zamani kwamba lugha ya kuongea na wenzake uwanjani mtoto huipata kwa miaka miwili hivi, lakini lugha ya vitabuni, ya kueleza kwa nini mvua inanyesha au jinsi ya kutetea hoja, huchukua miaka mitano hadi saba. Na kinachoijenga ni mawazo aliyokwisha yashika kwa lugha yake ya kwanza. Binti yako sehemu za hesabu, nusu na robo na theluthi, anazijua kwa Kifaransa. Anachotafuta ni jina tu, jambo lenyewe analo. Mtoto asiyeongeleshwa kwa lugha ambayo wazazi wake wanaimudu anapata nini? "Kula." "Lala." "Shule vipi? Nzuri." Hayo ndiyo mazungumzo ya nyumba inayolazimisha Kiingereza ambacho hakijafika. Kwa Kiswahili mtamweleza mlivyovuka ziwa Tanganyika, mtabishana naye, atawauliza maswali mpaka mchoke. Kubishana huko ndiyo shule.

Basi chukueni buletini zake za kambini, yaani ripoti zake za shule, hata kama zimechakaa, mzipeleke shuleni. Nimeona mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu akikalishwa na wanaojifunza kujumlisha, kwa sababu hakuna aliyeuliza alikotoka alisoma nini. Mwalimu wa hesabu akiiona asilimia yake kwenye karatasi, hata kama maneno ni ya Kifaransa, ataielewa. Na binti akifika sekondari, muulizeni mshauri wa shule habari za muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti. California iliuanzisha mwaka 2011, na majimbo mengi yamefuata. Kiswahili chake na Kifaransa chake vinaweza kumpatia heshima hiyo.

*

*Dada, programu ya shule kwenye simu inaonyesha mwanangu ana 68 kwenye sayansi na wameweka alama nyekundu. Kwetu 68 si mbaya! — Baba wa Tabora, sasa Houston*

Kwetu ni alama nzuri sana, kaka. Mtihani wa kidato cha nne Tanzania, 65 hadi 74 ni B, na C inaanzia 45. Kongo mwenye asilimia 50 kapita. Huku shule nyingi A huanzia 90, 60 hadi 69 ni D, na chini ya 60 ni F, ila kwenu Texas chini ya 70 kwa kawaida ni kufeli. Kwa hiyo 68 ni mtoto anayeteleza. Fungua hiyo alama nyekundu uone: mara nyingi si mtihani aliofeli, ni kazi mbili tatu ambazo hakupeleka, zikahesabiwa sifuri. Akizipeleka kabla robo ya mwaka wa masomo haijaisha, alama inapanda.

*

*Habari ya kazi, dada. Mimi ni Mkenya, nafundisha darasa la pili Minneapolis. Nina watoto sita wa familia za Kongo. Mwaka mzima nimetuma barua, barua pepe, ujumbe wa programu, na kikaoni alikuja mzazi mmoja tu. Wenzangu wanasema hawa wazazi hawajali. Mimi naona si kweli ila sijui la kuwajibu. — Mwalimu, Minnesota*

Mwalimu, asante kwa kutowaamini wenzako. Nitaongea na wewe kwa urefu kidogo, maana ukilipata hili utawasaidia watoto zaidi ya sita.

Anza na alikotoka mzazi huyo. Kongo mwisho wa mwaka kuna siku ya kutangaza matokeo, wenyewe wanaiita proklamasyo. Wazazi wanavaa vizuri, wanasimama uwanjani, mkuu wa shule anasoma jina moja baada ya jingine na asilimia, vigelegele vinapigwa. Mzazi aliyekosa siku hiyo ana msiba au anaumwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa asiyejali elimu. Ila ukiondoa siku hiyo, kuitwa shuleni kulimaanisha moja kati ya mawili: mtoto kafanya kosa, au fedha zinadaiwa. Mpaka Kongo ilipotangaza elimu ya msingi bure mwaka 2019, wazazi ndio waliochangia malipo ya walimu, na mtoto ambaye hajalipiwa alirudishwa nyumbani. Sasa wewe unatuma karatasi inayosema "tunaomba ufike shuleni". Moyo wa huyo mama unafanyaje?

Kuna na heshima. Kwetu mwalimu ndiye mwenye darasa. Baba mmoja aliniambia, "Mimi nani nimwingilie mwalimu kazi yake? Nimemkabidhi mtoto, nimemwamini." Wenzako wanaona amekaa mbali, yeye anaona amekuheshimu. Hilo waeleze wenzako kwa maneno hayo hayo.

Kisha yapo ya kila siku. Saa kumi jioni ndiyo mnaita kikao? Saa hiyo zamu ya pili ghalani imeshaingia, na wa zamu ya usiku bado amelala. Gari ni moja, limekwenda na baba. Mtoto mchanga hana wa kuachiwa. Barua pepe hafungui kwa sababu hana, au aliyonayo alifunguliwa na mhudumu wa shirika siku ya kwanza kufika na nenosiri hakulijua. Wengine wanaogopa wakifika wataulizwa karatasi za uhamiaji. Waambie mapema, bila kusubiri waulize: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1982, kesi iliyotoka Texas, mtoto hazuiwi shule ya umma kwa sababu ya karatasi.

Ninachokuomba ufanye ni kidogo. Wewe una Kiswahili. Rekodi sauti, nusu dakika, mpelekee kila mzazi kwa WhatsApp kama shule inaruhusu, au mpigie kwa simu ya shule. Sauti haihitaji kusoma. Na simu ya kwanza isiwe ya tatizo. Mpigie umwambie jambo moja zuri ulilomwona mtoto akifanya, lenye sura: "Leo alimgawia mwenzake kalamu za rangi bila kuombwa." Kisha ukate simu. Usiombe kitu. Nimekalimani simu kama hizo, na nikwambie kinachotokea: kimya kirefu, halafu mama anauliza, "Ni hilo tu?" Halafu anacheka. Siku utakayompigia kuhusu tatizo atapokea.

Ukiweza nenda nyumbani kwao. Kuna utaratibu wa walimu kutembelea familia ulioanzia Sacramento, California, mwaka 1998, na lenye busara zaidi ndani yake ni hili: walimu wanakwenda wawili wawili, hawabebi mafaili, na swali lao kubwa ni mzazi anamtarajia mwanawe awe nani. Kwa watu wetu utapewa chai kabla ya kuulizwa jina. Kunywa. Ukiikataa umeharibu safari nzima. Utakapoaga watakusindikiza mpaka kwenye gari, na hapo nje ndipo utaambiwa lile ulilokuja kulitafuta.

Na tafadhali, mwalimu: kwa kuwa unajua Kiswahili, shule itataka ukalimani kila kikao, hata vile vya nidhamu na vya elimu maalumu. Kwa watoto wako wa darasani ongea. Kwa mambo mazito waambie walete mkalimani aliyesomea kazi hiyo.

*

*Dada, shule imeniletea karatasi kurasa nne, nitie sahihi wampime mwanangu "elimu maalumu". Ana miaka 8, tumefika mwaka jana. Mume wangu amesema hakuna kichaa katika ukoo wetu, nisitie. — Mama, Boise, Idaho*

Usitie sahihi leo, na usikatae leo. Mpigie aliyekuletea umwambie unataka kikao na mkalimani kabla ya sahihi. Bila idhini yako iliyoandikwa hawawezi kumpima kwa mara ya kwanza, na kwenye vikao hivyo sheria inawataka wahakikishe unaelewa, hata kwa kuleta mkalimani.

Mumeo mwambie kwa upole kwamba elimu maalumu si kichaa. Kuna mtoto asiyesikia vizuri sikio moja, kuna ambaye herufi zinamchezea machoni. Msaada wa namna hiyo ni wa bure na unamfuata mpaka sekondari. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mtoto asihesabiwe ana ulemavu kwa sababu tu Kiingereza chake bado. Kwa hiyo waulize: mtampima kwa lugha gani? Waambie na wewe unachokiona nyumbani. Kwa Kiswahili anaongea kama wenzake? Alianza kutembea na kuongea lini? Ukimtuma dukani vitu vitatu analeta vitatu? Kama kwa Kiswahili yuko sawa kabisa, hiyo ni habari kubwa, na mwenye nayo ni wewe. Kama hata kwa Kiswahili anapata shida, basi usicheleweshe kipimo.

*

*Mwanangu Mkalimani, anayeniandikia ni jirani. Mimi ni bibi, nalea wajukuu watatu. Shule sikuiona, kusoma sijui, hata jina langu naweka kidole. Wenzangu wanawasaidia watoto kazi za nyumbani, mimi nakaa tu namtazama. Kuna karatasi ya njano imo mkobani mwa huyu wa darasa la tatu tangu juma lililopita, sijui inasema nini. Mimi nina faida gani katika shule yao? — Bibi, Louisville*

Shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kutazama ulikokutaja wewe kama si kitu, mimi nakuhesabia. Mtoto anayetazamwa anafanya kazi. Basi uwe na mahali na saa. Akirudi, ale, kisha akae mezani palepale kila siku, na wewe ukae upande wa pili na ungo wako wa maharage. Televisheni izimwe. Mwambie afungue daftari akuonyeshe ukurasa wa leo. Huhitaji kujua herufi kuona ukurasa uliojaa na ukurasa mtupu, wala kuona alama ya mwalimu ya vyema na ya kosa.

Halafu mwambie, "Nisomee." Asome kwa Kiingereza hata kama huelewi, kisha akusimulie kwa Kiswahili ilikuwa inahusu nini. Hapo muulize kama ungemuuliza mtu anayekusimulia habari za sokoni: nani huyo? Kwa nini alikimbia? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akishindwa kusimulia, ujue amesoma maneno tu, arudie. Walimu wenye shahada wanaifanya kazi hiyo hiyo, bibi. Na ukimaliza mtegee kitendawili, umhesabishe vikombe vya unga, nusu na robo, umwambie hadithi ya sungura na fisi kwa ile sauti yako. Lugha anayoibeba kutoka kwako ndiyo anayofikiria nayo.

La mwisho ni mahudhurio. Asikose siku bila ugonjwa. Mwaka wa shule una siku 180 hivi, na mtoto aliyekosa 18 wanamhesabu kuwa yuko hatarini. Akiumwa, jirani akupigie shule asubuhi ileile.

Kidole chako ni sahihi halali, hakuna wa kukuonea kwa hilo mbele yangu. Kikao chao nitakuwepo, nimeshamwambia mwalimu akuwekee nusu saa, siku ambayo jirani ana gari. Ila hiyo karatasi ya njano isikae zaidi. Leo hii mpe jirani aipige picha pande zote mbili anitumie. Nadhani ni ruhusa ya safari ya darasa, na hizo huwa na tarehe ya mwisho. Isiporudi, wenzake watapanda basi na yeye atabaki.